Msimu wako wa kwanza kwenye vila ya Kirumi: kuchimba na kurekodi kidijitali

Msimu wa uchimbaji ukikaribia, maswali ni yale yale. Ninunue mwiko gani? Nisipojua kuchora nitaweza kazi? Kama kuna kishikwambi, karatasi za nini? Na kwa nini siku nzima niondoe sentimita tano tu za udongo? Mwongozo huu ni wa mtu anayekwenda kwa mara ya kwanza kujifunza akiolojia ya uwandani kwenye vila ya Kirumi, iwe Toscana, Sicilia au kusini mwa Uingereza. Kanuni moja inaongoza hatua zote: kuchimba ni kuharibu. Tabaka ulilolitoa halirudi tena, na kitakachobaki ni namba, vipimo, picha na maelezo yako. Kwa hiyo namba hutangulia mwiko, kila siku, bila kujali haraka ya mtu yeyote.

Vila haikuwa nyumba ya starehe tu. Lilikuwa shamba zima: makazi ya mwenye mali, bafu, maghala, mashinikizo ya zabibu na zeituni, mazizi. Kule Settefinestre, Toscana, palipochimbwa na timu ya Andrea Carandini kati ya 1976 na 1981, vyumba vyenye michoro ya ukutani vilikuwa jirani na mashinikizo ya divai na mabanda ya nguruwe. Usiende ukiota mosaiki, yaani sakafu za vijiwe vya rangi, peke yake. Sehemu kubwa ya kazi yako itakuwa vigae vya paa vilivyoporomoka, na hivyo vigae vina mengi ya kusema.

Usichimbe wala kupitisha kigunduzi cha metali peke yako. Italia, mabaki yaliyo ardhini ni mali ya dola na uchimbaji hufanywa kwa kibali cha Wizara ya Utamaduni. Uingereza, vila nyingi zimo kwenye orodha ya maeneo yanayolindwa kisheria. Jiunge na mradi wenye kibali.

Vitu vya kuandaa

- Mwiko mdogo uliofuliwa kwa kipande kimoja cha chuma, bapa lake kama sentimita 10. Waingereza hupenda WHS wa inchi 4, Wamarekani Marshalltown. Mwiko wa fundi muashi haufai: ni mpana, unapinda, na unasawazisha udongo badala ya kuukwangua.
- Tepu ya mita 5, timazi, pimamaji ndogo, uzi na misumari ya inchi 6.
- Brashi ya mkono, kijiko, vijiti vya mwanzi vya kusafishia mifupa, na chupa ya kupulizia maji.
- Mifuko ya zipu, lebo zisizoloa, kalamu ya wino usiofutika, penseli, daftari la jalada gumu.
- Kofia pana, glovu, viatu vyenye chuma kidoleni, maji lita 3 kwa siku. Hakikisha chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na muda.
- Kishikwambi chenye QField (programu ya kuchora ramani uwandani), pawabenki mbili, kadi ya kumbukumbu ya ziada.
- Kamera ambayo unaweza kuiendesha kwa mkono, yenye lenzi isiyobadilika urefu, milimita 24 au 35.
- Kwenye kompyuta: QGIS, programu ya ramani ambayo ni ya bure, na programu ya fotogrametria, yaani ya kuunganisha picha nyingi ziwe modeli ya pande tatu. Miradi mingi hutumia Agisoft Metashape na huwa na leseni yake. Usinunue yako kabla ya kuuliza.

Uliza pia mapema mradi unatumia mfumo gani wa viwianishi. Kila mfumo una namba yake ya EPSG: Toscana karibu yote iko kwenye EPSG 32632, Roma na Sicilia 32633, Uingereza 27700. Ukianza na namba isiyo sahihi, ramani yako itaangukia baharini.

Hatua kwa hatua

1. Hakikisha vituo vya upimaji. Mradi huwa na vituo vya kudumu, angalau vitatu, vilivyowekwa nje ya eneo la kuchimbwa. Kila kimoja kina namba tatu: mashariki, kaskazini na kimo. Zinakili kwenye daftari, si kwenye kishikwambi pekee. Total stesheni, mashine ya kupima pembe na umbali, ikishasimamishwa asubuhi, pima kwanza kituo unachokijua. Tofauti ikizidi sentimita 1, simamisha upya. Rudia kabla ya kufunga kazi.

Makosa mawili huharibu vipimo vya siku nzima. La kwanza ni fimbo ya prizma, yaani ya kioo kinacholengwa na mashine: ukiipandisha kutoka mita 1.30 hadi 1.60 bila kumwambia aliye kwenye mashine, vimo vyote vitasomeka sentimita 30 juu ya ukweli. Tamka urefu kwa sauti kila unapoubadilisha, na mwenzako aurudie. La pili ni kuchanganya kimo cha setilaiti na kimo kutoka usawa wa bahari. Katika sehemu nyingi za Italia viwili hivyo hutofautiana kwa mita 40 hadi 50. Kumbuka pia kwamba GPS ya usahihi wa juu hutoa sentimita 1 hadi 3 mahali palipo wazi, lakini chini ya mizeituni au kando ya ukuta mrefu haiaminiki. Hapo tumia total stesheni.

2. Ondoa udongo wa kulimwa. Kwa kawaida ni sentimita 25 hadi 40 za juu. Huondolewa kwa mashine yenye ndoo isiyo na meno au kwa sururu na koleo. Vitu vilivyomo vimeburutwa na plau, basi hukusanywa pamoja chini ya namba moja ya tabaka hilo. Simama mara unapoona vigae vimeanza kulala kwa wingi, udongo umebadilika rangi, au kuna unga mweupe wa chokaa. Aliyewahi kufanya kazi kwenye magofu ya Kilwa au Gede atautambua unga huo haraka. Ukiwa wa waridi, angalia zaidi: Warumi walichanganya chokaa na vigae vilivyopondwa mahali penye maji, kwa hiyo bafu au tangi huenda liko karibu.

3. Safisha mpaka mipaka ionekane. Piga magoti, tumia ukingo wa mwiko, na ukwangue kuelekea kwako, si kusukuma mbele. Anzia mwisho mmoja wa mtaro, yaani eneo mnalolichimba, na urudi kinyumenyume, usikanyage ulikopita. Toa udongo uliolegea mara kwa mara kwa kizoleo na ndoo. Usitumie brashi kwenye udongo wenye unyevu. Inapaka matope juu ya mipaka unayoitafuta. Udongo ukikauka chini ya jua, rangi zote hufanana. Pulizia maji, subiri dakika moja, kisha tazama kwa macho yaliyoinama karibu na ardhi.

Hapa jihadhari na kitu kinachowachanganya wanafunzi kuliko kingine chochote kwenye vila: handaki la mawe yaliyong'olewa. Vila zilipoachwa, watu wa karne zilizofuata walichimba kufuata kuta na kung'oa mawe ili kujengea kwingine. Utaona mstari mnyoofu, upana wa sentimita 50 au 60, umejaa udongo laini, mabonge ya chokaa na vipande vya lipu yenye rangi, lakini mawe mazuri hakuna. Huo si ukuta, wala si msingi. Ni shimo lililochimbwa miaka mingi baada ya ukuta kujengwa, na sarafu utakayoikuta ndani yake haielezi umri wa nyumba. Ukichimba sakafu na handaki kwa pamoja, vyungu vya karne za baadaye vitaingia kwenye mfuko wa sakafu ya Kirumi.

4. Toa namba na ujaze fomu. Muktadha ni tukio moja ardhini: tabaka lililomwagwa, shimo lililochimbwa, ukuta uliojengwa. Shimo lina namba yake, na udongo uliolijaza una namba nyingine. Chukua namba kwenye daftari kuu la mradi, usijitungie. Kisha andika kwa mpangilio huu:

- rangi, ikilinganishwa na chati ya Munsell kwenye udongo wenye unyevu, kivulini;
- ugumu: umelegea, wa wastani, au umeshikana;
- aina ya udongo. Lowesha donge dogo, livingirishe kati ya vidole: likikwaruza ni mchanga, likitengeneza uzi unaopinda bila kukatika ni mfinyanzi;
- vilivyochanganyika ndani yake na kwa kiasi gani, mfano "vipande vya chokaa vya mm 10 hadi 30, asilimia 5";
- urefu, upana na unene;
- kilicho juu yake, kilicho chini yake, kinachokikata na kinachokatwa nacho;
- tafsiri yako, mwisho kabisa, kwenye nafasi yake.

Ukiandika "sakafu iliyoungua" kwenye sehemu ya maelezo, umefunga mjadala kabla haujaanza. Andika "udongo mwekundu ulioshikana, unene sm 3, wenye mkaa", halafu kwenye tafsiri useme unadhani ni sakafu iliyoungua.

5. Piga picha za fotogrametria. Hii hufanywa kabla ya kuondoa muktadha, baada ya usafi wa mwisho. Toa ndoo, miiko, glovu na watu. Weka alama za kudhibiti, zile bamba ndogo nyeusi na nyeupe: moja kila pembe, mbili au tatu katikati, na baadhi katika kimo tofauti, mfano juu ya ukuta na chini ya shimo. Zipime zote kwa total stesheni kabla hazijasogea.

Funga zuumu kwa utepe wa gundi kama lenzi ina zuumu. Weka f/8, ISO ya chini, fokasi ya mkono, na uhifadhi faili ghafi pamoja na JPEG. Zunguka mtaro mzima ukiwa nje, kila picha ikirudia angalau asilimia 70 hadi 80 ya iliyotangulia. Kisha pita juu kwa mistari, kamera ikiwa kwenye ufito mrefu au droni, mistari ikipishana kwa asilimia 60. Malizia na picha za mshazari, hasa kwenye kona na nyuso za kuta. Mtaro wa mita 5 kwa 5 huhitaji picha 100 hadi 200 hivi. Usisimame sehemu moja na kugeuza kamera; programu inahitaji uhame ili ipate kina.

Mwanga ni muhimu kuliko ubora wa kamera. Wingu jepesi au kivuli kamili ndivyo vinavyofaa. Jua la saa sita hukata mtaro nusu nyeusi nusu nyeupe, na kivuli kinachotembea wakati unapiga kitabaki kwenye modeli kama doa. Kusini mwa Ulaya piga alfajiri kabla jua halijaingia mtaroni, au shikeni turubai juu ya mtaro mzima.

6. Chimba muktadha, wa mwisho kuwekwa ukiwa wa kwanza kutoka. Fuata umbo lake halisi. Usikate vipande vya sentimita 10 sawasawa kana kwamba ardhi ni keki. Weka pande za mtaro wima kwa kutumia timazi, bila kuchimba kwenda chini ya ukingo. Kila kilo kadhaa za udongo, simama uchunguze kama umeingia kwenye kitu kipya.

Ukikutana na paa lililoporomoka, punguza kasi. Kigae bapa chenye kingo pande mbili ni tegula, kile cha nusu mviringo kilichofunika kiungo ni imbrex. Visafishe vikiwa mahali pake, viangalie vimelala upande gani. Vikiwa vimepangana kwa safu, paa lilianguka kwa mara moja, na kilicho chini yake kimefungwa tangu siku ile. Vikiwa vimevunjika vidogo na kuchanganyika, huenda vimemwagwa tu baadaye. Vipige picha kabla hujagusa kimoja. Ukishavitoa, vipime uzito kwa kila muktadha; hifadhi vyenye muhuri wa kiwanda, vilivyo kamili, na vyenye nyayo za mbwa aliyepita juu yake vilipokuwa vinaanikwa.

Kwenye bafu utakuta vijinguzo vya matofali ya mraba, upande kama sentimita 20, vilivyobeba sakafu ili hewa ya moto ipite chini. Vitruvius, msanifu majengo wa Kirumi, anaelekeza vijinguzo hivyo viwe na kimo cha futi mbili za Kirumi, yaani karibu sentimita 59. Masizi yaliyo katikati yake yapewe namba yao na sampuli yao.

Mosaiki ikitokea, acha mwiko. Tumia vijiti vya mwanzi, sifongo na maji kidogo. Usitembee juu yake na viatu, na using'oe kijiwe hata kimoja kilicholegea: kipige picha, kipime, mwite msimamizi. Mosaiki ya Rutland huko Uingereza, yenye Akile na Hektori, mashujaa wa hadithi ya vita vya Troya, iliyogunduliwa 2020, ilirekodiwa kisha ikafukiwa tena. Kufukia kwa uangalifu mara nyingi ndiyo njia bora ya kuilinda.

7. Shughulikia vitu vilivyopatikana. Vigae vya vyungu, mifupa na misumari huingia kwenye mfuko wa muktadha wake. Sarafu, vito, mihuri, vioo vyenye umbo na sanamu hupimwa kimoja kimoja mahali vilipolala kabla ya kuinuliwa. Kila mfuko una lebo mbili, moja ndani na moja nje, zenye jina la mradi, mtaro, muktadha, tarehe na herufi za jina lako.

Sarafu usiisugue hata kidogo. Kutu ya kijani ndiyo iliyobeba maandishi, na kidole gumba kinatosha kuyafuta. Metali iwe kavu kwenye boksi lenye silika jeli. Lipu yenye rangi haioshwi wala kupangwa moja juu ya nyingine. Ilaze kwenye trei juu ya povu jembamba, rangi ikitazama juu.

8. Chukua sampuli. Kwenye majiko, mashimo ya taka na tabaka lililofungwa chini ya paa, chukua lita 40 za udongo, au wote kama haufiki hapo. Mwiko na ndoo ziwe safi. Udongo huo hukorogwa majini, mbegu zilizoungua zikielea hunaswa kwenye chekeche ya mm 0.25 au 0.3. Ngano, mbegu za zabibu na kokwa za zeituni zitaeleza shamba lilizalisha nini.

9. Tengeneza ortofoto na uchore mipaka ukiwa mtaroni. Ortofoto ni picha ya kutoka juu iliyonyooshwa ili ipimike kama ramani. Siku hiyo hiyo: unganisha picha kwenye programu, weka alama za kudhibiti, angalia kosa. Kwenye mtaro mdogo kosa la wastani liwe chini ya sentimita 1. Acha alama moja au mbili nje ya hesabu ili zikague zilizobaki. Toa ortofoto ya mm 1 au 2 kwa pikseli, iingize QField, rudi mtaroni na uchore mpaka wa kila muktadha huku ukiutazama kwa macho. Hili tunalisisitiza. Picha haijui tofauti ya kivuli na ukingo wa shimo; mchoro uliofanywa ofisini wiki mbili baadaye ni kubahatisha. Kwa pande za mtaro, mchoro wa penseli kwa kipimo cha 1:10 bado unafaa sana, maana unakulazimisha kuamua kila mstari.

10. Panga matriksi kila jioni. Ni chati inayoonyesha kilichotangulia na kilichofuata, iliyobuniwa na Edward Harris mwaka 1973. Cha zamani chini, cha karibuni juu. Andika uhusiano wa moja kwa moja tu. Usisubiri mwisho wa msimu. Utakuwa na miktadha mia na kumbukumbu ya ishirini.

11. Hifadhi data kabla ya chakula cha jioni. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikikaa nje ya nyumba ya mradi. Majina ya faili yasiwe na nafasi wala herufi za ajabu, mfano VR_M2_1043_20260702_01: mradi, mtaro, muktadha, tarehe, namba ya picha. Majedwali yahifadhiwe pia kama CSV na picha za mwisho kama TIFF. Usifute kadi ya kamera mpaka mtu wa pili amefungua nakala na kuona kwamba inafunguka.

Mambo yakienda kombo

*Picha hazishikamani kwenye programu.* Kuna pengo. Tafuta mahali ambapo ulihama hatua kubwa au ulizungusha kona bila picha za katikati. Kama muktadha bado upo, piga tena zote. Kuongeza chache kwenye mwanga mwingine kwa kawaida hakusaidii.

*Modeli imejikunja kama bakuli.* Umepiga picha za kutoka juu pekee, au alama zote ziko pembeni. Ongeza za mshazari na alama za katikati, kisha uiambie programu ikokotoe upya.

*Alama moja ina kosa la sentimita 30 wakati nyingine zina mm 5.* Mara nyingi ni urefu wa prizma, au namba mbili za alama zimebadilishana. Soma daftari kabla ya kuifuta.

*Kishikwambi kimezima chenyewe.* iPad imeundwa kutumika kwenye joto lisilozidi nyuzi 35. Kiweke ndani ya mfuko mweupe kivulini, si kwenye jokofu, maana mvuke huingia ndani. Endelea na fomu za karatasi, ndiyo sababu zipo.

*Namba moja imetolewa kwa miktadha miwili.* Usiifute. Mpe mmoja namba mpya, andika mabadiliko na tarehe kwenye daftari kuu, rekebisha lebo zote siku hiyo hiyo.

*Matriksi inazunguka: A juu ya B, B juu ya C, C juu ya A.* Uhusiano mmoja si sahihi, au muktadha mmoja ni miwili iliyoonekana kama mmoja. Rudi kwenye ortofoto za hatua za katikati. Mshukiwa wa kwanza ni handaki la mawe yaliyong'olewa.

*Mfuko hauna lebo.* Usikisie. Uwekwe kando kama vitu visivyo na mahali, hata kama ndani yake kuna sarafu nzuri kuliko zote za msimu.

*Mvua imeingia mtaroni.* Usishuke kuchota maji ukiwa na buti juu ya sakafu. Yatoe kwa sifongo na ndoo ukiwa kwenye ubao uliolazwa ukingoni, acha pakauke, safisha upya milimita chache, na upige picha tena hata kama ulishapiga jana.

*Msimu umeisha na muktadha haujamalizika.* Pima ulipofikia, piga picha, tandika kitambaa cha jeotekstaili juu ya uso wote, weka kibao chenye tarehe, kisha rudisha udongo uliochekechwa. Mtu wa msimu ujao ataanzia kwenye kitambaa hicho.